Mwenye Pombe Huonja Kwanza

Wageni wengine wakifika Lushoto huenda Irente kutazama nyika kule chini, kisha wakarudi na jibini na jemu. Mimi nilikwenda vilabuni. Nilikuwa mwalimu niliye likizo kutoka Dar es Salaam, mwanamke mtu mzima, na nilijiapiza kuonja kila kinachochachushwa kuanzia mjini hadi Mlalo. Ilikuwa enzi ya ruksa. Ikiwa ni ruksa kuuza mitumba na bia za kopo kutoka ng'ambo, kwa nini mimi kukaa kwenye benchi na kunywa iwe mwiko?

Nilifikia kwa mama wa mwalimu mwenzangu, Mlutheri asiyekosa ibada.

"Mwanangu, kule si kwa watu kama wewe," aliniambia.

"Watu kama mimi nao hushikwa na kiu, mama," nikamjibu, nikatoka kabla hajapata la kuongeza.

Nilianzia kwenye baa mpya karibu na stendi. Mwenye baa alikuwa na jokofu la mafuta ya taa, na makopo ameyapanga rafuni yakitazama mlangoni ili wapita njia watamani. Langu lilikuwa na kutu ukingoni. Nilikunywa hivyo hivyo, maana nami nilikuwa nimetamani.

Kutoka hapo nikashika njia ya Mlalo hadi kilabu cha mjane mmoja aliyepika boha, pombe ya miwa. Nilimwamkia shikamoo, naye baada ya marahaba akaniongezea "Onga mshi" ya Kishambaa, akacheka nilivyoirudia. Miwa aliitwanga mwenyewe kwenye kinu kirefu, akaikamua, akaichachusha kwa matunda ya mwegea. Alichota kwa kibuyu, akanywa mafunda mawili mbele ya macho yangu, akafuta ukingo kwa kiganja, ndipo akanipa. Huko milimani mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Nilipenda desturi ile kuliko hata pombe yenyewe, na pombe niliipenda sana. Nikaomba nyingine.

Kulipokucha, tumbo lilinisokota vibaya. Mama mwenyeji wangu alinichemshia tangawizi, kisha akaenda kuwaomba wenzake kanisani waniombee. Maombi yakageuka habari, na kufikia mchana mji mzima ulijua kwamba mgeni wa Dar amelishwa sumu ya boha. Alasiri wakaja bwana afya na mwenye baa, huyu wa pili amenibebea soda.

"Pole, dada," alisema bwana afya. "Siku ya gulio utasema tu mbele ya watu kwamba ni ile boha. Kile kilabu tukifunge."

"Umeshakwenda kukikagua?"

"Ushahidi si wewe mwenyewe?"

"Na makopo ya huyu, umeyakagua?"

Mwenye baa alicheka. "Dada, ile ni bia ya kiwandani!"

Nilikasirika hata tumbo likasahaulika kidogo. Mpaka leo sijui kilichonidhuru ni kopo au kibuyu, na siku ile hakuna aliyejua. Lakini wao hawakutaka kujua, walitaka kinywa changu tu. Na yule mama wa boha hakuwa na shamba wala mume. Kilabu kikifungwa, amekwisha.

Siku ya gulio nilishuka nikijikokota. Walevi walishakusanyika kilabuni, na wasiokunywa nao walikuja kusikiliza huku wakijifanya wanapita. Mjane alisimama kando ya mtungi wake, mikono kifuani. Bwana afya, aliyefuatana na mwenye baa, akanisogeza mbele.

"Huyu mama alikunywa kabla yangu, kibuyu kile kile," nikasema. "Mtazameni. Anaumwa?"

Watu wakamtazama. Alikuwa mzima kunishinda mimi.

"Baada ya hapo niulizeni, kule baa nani alionja kabla yangu?"

Mzee mmoja akamgeukia mwenye baa. "Eti, ulionja?"

"Bia ya kopo haionjwi, mzee wangu."

"Basi leo ionje."

Mwenye baa akainua mikono. "Mimi nimeokoka. Pombe siitumii."

Kicheko kilichopasuka pale sijakisikia tena popote. Mtu anawauzia watu kitu ambacho hawezi kukitia kinywani mwake! Mwenye baa akaanza kueleza habari za wokovu wake, lakini nani angemsikiliza tena?

Bwana afya peke yake hakucheka. Alinikazia macho. "Sawa, mwalimu. Wewe unaitetea. Unaweza kuinywa tena?"

Tumbo langu lilikuwa bado linanguruma, na nilijua wazi kwamba nikikataa, kilabu kimefungwa. Mjane hakuniomba. Alichota, akanywa mafunda yake mawili, akafuta ukingo, akaninyooshea kibuyu. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikanywa nimesimama, sikuondoa kinywa mpaka nilipoona kitako cha kibuyu.

"Nyingine," nikasema.

Bwana afya alichukua kofia yake akaenda zake. Kilabu hakikufungwa. Mimi nilihara mpaka likizo ikaisha, na sijutii hata safari moja ya chooni.