Chifu Alidhani Fizikia Yangu Ni Chama cha Pili

Mwaka wa 1988, hapa Eldoret, nilikaribia kuwekwa ndani kwa sababu ya kitu ambacho hakipo.

Si bangi, si karatasi za uchochezi. Ni fizikia. Msinicheke, maana mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuicheka.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia shule moja ya harambee. Nyumbani ni Yamumbi, kwa mama yangu Wamucii. Baba alishaaga, na kwa boma hilo mtoto ni mimi tu.

Mwezi wa saba barua ikafika kutoka Uingereza. Nimepata skolaship, nikasomee kitu kinaitwa negative mass.

Wacha nieleze kwa lugha ya nyumbani. Ukisukuma mkokoteni, unaenda mbele, sivyo? Sasa kuna hesabu inasema kunaweza kuwa na kitu ambacho ukikisukuma kinakujia, na ukikivuta kinakuhepa. Hakuna mtu amewahi kukishika. Kiko kwa karatasi tu, lakini hiyo hesabu ilikuwa imenishika tangu chuo.

Shida ilikuwa paspoti. Kwanza chifu aandike barua kwamba mimi ni raia mwema, na Uingereza walitaka jibu kabla mwezi wa nane kuisha.

Chifu wetu, Mzee Gathogo, akavaa miwani akasoma barua yangu polepole. Kufika hapo kwa mass, akasimama.

"Mwalimu, mass ni wananchi," akasema. "Negative ni wapinzani. Serikali ikupe paspoti ukasomee wapinzani?"

Nikacheka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni kumweleza kwamba ni kitu tu, ukikisukuma huku kinakuja kinyume.

"Huyo ndiye mpinzani mwenyewe," akasema, akaandika kitu kwa daftari lake.

Nilirudi nyumbani nimefura. Mtu amesoma mpaka macho yakauma, halafu anazuiwa na neno moja! Nikafungua kamusi, nikaandika kila kitu upya kwa Kiswahili sanifu: tungamo hasi. Baada ya wiki nikarudi nayo, nimejiamini kabisa.

Gathogo akasoma, akainuka akafunga mlango.

"Tungamo ni chama gani? Hii Kenya chama ni kimoja."

Haki ya Mungu, nilitaka kulia. Kesho yake hedimasta akaniita pembeni, akanong'ona kwamba chifu anauliza nani hunitembelea na ninasoma vitabu gani. Siku hizo watu walichukuliwa kwa maneno machache kuliko hayo, na wengine hawakurudi vile walivyoenda.

Nikampelekea chifu jogoo. Akachukua jogoo, barua hakunipa.

Zikabaki siku nne. Jioni nikamwambia mama kwamba nimechoka, wacha nife nikifundisha puli na wenzo. Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakusema mengi, alisema tu kwamba kesho ataenda kumwona Gathogo mwenyewe.

Yaliyotokea huko nilielezwa na Johnstone, karani wa chifu. Mama aliingia ofisi imejaa watu, akasimama mbele ya meza.

"Gathogo, usimwandikie Ephantus hiyo barua. Nimekukataza."

Chifu, kukatazwa na mama wa shamba ndani ya ofisi yake, mbele ya raia wake!

"Mama Ephantus, hapa anayekataza ni mimi," akasema, akavuta karatasi, akaandika, akagonga muhuri.

Kabla ya saa sita barua nilikuwa nayo mkononi.

Nilicheka kutoka Eldoret mpaka Nairobi. Huko Uingereza niliwaambia maprofesa kwamba mama yangu, aliyeishia darasa la pili, alielewa negative mass kuliko wao. Anajua ukitaka kitu kije, unakisukuma. Walipenda sana hiyo hadithi, na niliisimulia miaka mitatu.

Nikarudi 1991. Nikakuta mama amekonda, na nusu ya shamba ni magugu. Tukaketi na chai, nikamshukuru kwa ule ujanja wake.

"Ujanja gani?"

"Ule wa kumkataza chifu."

Akaweka kikombe chini.

"Sikuwa na ujanja, Ephantus. Nilitaka akunyime. Nilikuwa na wewe peke yako."

Nikakumbuka usiku wa kuamkia safari aliniuliza kama ni lazima niende, na mimi nikamjibu nikicheka kwamba si ni yeye amenisaidia.

Miaka mitatu nilikuwa maabara za watu nikitafuta kitu ambacho ukikivuta kinakuhepa. Kumbe ni mimi.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii uko mbali na kwenu: kabla hujamshukuru mzazi kwa kukuachilia, muulize kwanza kama alikuachilia. Mimi nilichelewa kuuliza, na siku hiyo chai ilipoa hatujaimaliza.