Mjerumani Asiyetajwa Jina

Sisi tuliosoma Newala enzi za kaptula moja kwa mwaka hatukuwa na televisheni, na simkumbuki hata mmoja wetu aliyeiulizia. Jioni tulichimba ming'oko, viazi vya porini, tukaichemsha kwa chumvi na kuila ingali moto, mikono ikinuka udongo. Msimu wa korosho tulizikaanga juu ya bati bovu mpaka moshi ukatutoa machozi, na aliyeungua midomo kwa mafuta ya maganda alijificha mama yake asimwone. Asubuhi za Julai upepo ulipenya kwenye matundu ya kaptula, nasi tukakimbia kwenda shule, si kwa kupenda hesabu, bali kwa kutafuta joto.

Lakini ukikutana na mtu wa rika langu pale kijijini kwetu Makote, hataanza na ming'oko. Ataanza na mchezo wetu wa nyimbo wa Vita vya Maji Maji, tulipokuwa darasa la sita.

Aliutunga Mwalimu Ausi, Myao wa Masasi, mtu mwembamba aliyevaa filimbi shingoni hata akienda sokoni. Shule za Masasi na Newala zilikuwa zinashindana. Wahusika wakuu walikuwa watu waliopata kuishi kweli: mkuu wa Kiyao wa huku kwetu aliyekataa, miaka mingi kabla ya vita, kushuka pwani kumwamkia Mjerumani, Bwana Mkubwa wa Kijerumani mwenyewe, na mganga aliyegawa maji ya dawa. Kila mtoto alitaka kuwa mkuu. Mjerumani hakutakiwa na mtu, kwa kuwa bibi zetu bado walitutisha kwa jina lake tulipokataa kulala. Mwalimu akanitazama, mimi niliyekuwa mrefu kuliko wote.

"Bakari, simama. Mjerumani ndiye huyu."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Sherehe zote zilizotangulia nilibebeshwa viti tu. Mama yangu, aliyenilea peke yake baada ya baba kufariki, hakukosa hata moja. Alikaa mbele, shingo ameinyoosha, akimtafuta mwanawe jukwaani. Safari hii angeniona.

Kisha Mwalimu akataka Mjerumani awe na uso wa Kizungu hasa. Akanichukua tukaenda kwa baba yangu mkubwa, mchongaji wa vinyago vya midimu, vile vya kuvaliwa kichwani wakati wa ngoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Myao wewe, leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuomba sura ya Mzungu."

"Sura ninayo, na ndevu zake. Lakini ninyi watu wa kule chini Masasi mnaimba na kila kitu. Kinyago hiki hakiimbi. Hakisemi. Na aliye ndani hatajwi mbele ya mwanamke, si leo wala kesho."

"Mzee, huyu ndiye mwenye wimbo mrefu kuliko wote!"

"Basi mtafutie Mzungu mwingine."

Mwalimu alicheka, akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka jandoni mwaka uliotangulia na sheria niliijua. Mbele ya mwanamke maana yake ni pamoja na mama.

Nyumbani aliniuliza huku akisonga ugali wa muhogo. "Haya, wamekupa nani?"

"Hawajanipa mtu, mama."

"Hata wa kupiga makofi?"

Nikasogeza kuni motoni. Aligeuza ugali kwa nguvu zaidi, akasema angekuja hivyo hivyo.

Mwalimu alitatua tatizo la Mjerumani bubu kwa kumpa mkalimani. Alikuwa Somoe, msichana mwenye sauti ya kuamsha kijiji, akavishwa kanzu na tarbushi nyekundu iliyomfika masikioni. Mimi ningenyoosha kidole, yeye angeimba. Majuma sita tulifanya mazoezi nikiwa uso wazi, na darasa zima likaitunza siri. Siku ya mashindano Somoe alipita karibu yangu kabla sijavaa, akatazama juu kama anayehesabu mawingu.

"Mimi simjui Mjerumani," akajiambia kwa sauti. "Natumaini anajua ngazi ya jukwaa iko upande gani."

Uwanja ulijaa. Onyesho la kwanza lilikuwa la mkuu na barua. Alikaa juu ya debe lililofunikwa kanga, akasomewa wito wa kwenda pwani, akaimba kukataa kwake mara tatu. Wayao waliokuja kwa lori kutoka Masasi walisimama wote, wakampigia vigelegele kama ndugu yao aliyerudi safari.

Kisha nikaingia mimi, njuga miguuni, mwili wote umefungwa nguo, nikiona kwa tundu la mdomo tu. Watoto wadogo walikimbia. Nilinyoosha kidole kimoja.

"Bwana anasema," akaimba Somoe, "mlime pamba, mpalilie pamba, mchume pamba, na mihogo yenu ingoje mwakani!"

Nikakikunja kidole. Akaimba beti nne. Nikakohoa. Akaimba tano. Mzee mmoja akapaza sauti, "Kumbe Kijerumani ni lugha fupi hivi!" na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami ndani ya mti ule nilicheka mpaka jasho likaingia machoni.

Mganga alinyunyiza maji yake ya dawa kwa jani, tone moja kwa kila mpiganaji, kwani Mwalimu aliruhusu kikombe kimoja tu, na sisi tuliochota maji tulijua urefu wa njia ya bondeni kwenda kisimani. Mianzi iliyopasuliwa ikalia kama bunduki. Wapiganaji walikufa taratibu, kila mmoja akichagua mahali pasipo na mbigili. Ulipoanza wimbo wa kuwalilia, kicheko kilikoma. Kwa tundu langu niliwaona akina mama wakifuta macho. Mama yangu hakuwa analia. Alikuwa anawatazama wapiganaji walioanguka, mmoja baada ya mwingine, akinitafuta.

Tulishinda. Jaji, mgeni kutoka mbali, akainua shati jeupe jipya. "Zawadi ya mwigizaji bora. Aliyekuwa Mjerumani, jina lake nani? Aje!"

Tayari nilikuwa nimevua kinyago, niko nyuma ya darasa. Jaji akamwuliza Somoe.

"Mimi? Mimi nilimwona Mjerumani tu."

Akamgeukia Mwalimu, ambaye alifungua mdomo. Baba mkubwa akakohoa mara moja, na filimbi ikarudi mdomoni mwa Mwalimu kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikihitajika. Hapo nikavishwa tena upesi. Kinyago kikarudi uwanjani, kikacheza sindimba mpaka vumbi likapanda, kikachukua shati, kikaondoka. Baba mkubwa akaenda kulihifadhi kwake.

Usiku huo mama hakuniuliza kitu. Siku ya tatu nikitoka shule nililikuta shati juu ya mkeka wangu, limekunjwa.

"Baba yako mkubwa amelileta," alisema akichambua kisamvu, bila kuinua uso. "Anasema kuna mtu ameliacha kwake. Lilikuwa kubwa, nimelipunguza. Sijui litamfaa nani. Hebu jaribu wewe."

Nililijaribu. Hakuwa amenipima, lakini mikono iliishia sawasawa kwenye vifundo, na mabega yalikaa kama yamechorwa.

"Aa," akasema. "Limekaa."

Siku hizi vinyago vile huchezwa hata mbele ya watalii, na aliyecheza hukivua ili apigwe picha. Ndiyo maana nimethubutu kuandika haya, nikimwomba radhi marehemu baba mkubwa. Wajukuu zangu huimba mstari mmoja shuleni, na kabla hawajafika nyumbani wimbo umeshaenea kwenye simu, na jina lao limeandikwa juu, chini na katikati. Nawapongeza, maana wanaimba vizuri. Ila huwatazama wakihesabu waliowapenda, watu mia na ushei wasiowajua hata kwa sura, nami najiona nilikuwa tajiri. Mimi nilipendwa na mmoja, ambaye hakusema neno, akachukua sindano.