Siku nne kwenye meli ya matanga na mama mkwe asiyekula mbele yangu

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijatunga, na wife yupo hapa pembeni anasoma kuhakikisha siongezi chumvi.

Mimi ni fundi bomba hapa Usa River. Wife yupo mapokezi kwenye lodge moja. Kuna mgeni mwenye meli alifurahia huduma yake, akampa nafasi tatu za kuzunguka visiwa, kutoka Unguja mpaka Mafia, siku nne.

Meli ya mbao, milingoti mitatu, matanga makubwa kama maturubai ya harusi.

Nafasi ya tatu wife akampa mama yake, anayeishi Momela. Nikaishiwa nguvu.

Mama mkwe ni wa mila za zamani. Hali mbele yangu, hanitazami usoni, na akiwa na neno analipitisha kwa wife hata nikiwa nimekaa hapo hapo: "Mwambie Baba Neema bomba la nje linavuja."

Miaka tisa hiyo. Nilishajiwekea kichwani kwamba hanipendi tu.

Sasa melini utamkwepea wapi mtu?

Day one mchana, meza moja ndefu, wote mnapakuliwa pamoja. Mama akabeba sahani yake mpaka mbele kabisa ya meli. Upepo ukapeperusha wali wote. Akarudi na sahani tupu.

Roho iliniuma aisee. Kuanzia jioni ile chakula kikiiva nashuka chumbani ili yeye ale kwa amani. Mpishi namwambia nimeshiba. Wife alikuwa hoi kwa kichefuchefu, hajui lolote. Siku ya pili niliishi kwa maji na karanga za mfukoni.

Siku ya tatu asubuhi tukaambiwa abiria nao wavute kamba kupandisha tanga. Mama yuko nyuma yangu. Ana mikono ya jembe yule, anavuta kuliko mabaharia. Mimi njaa ikanizidi, nikakaa chini.

"Mpishi anasema hujala tangu juzi."

Nikageuka kumtafuta wife, hayupo. Mama alikuwa anaongea na mimi.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, upepo?"

Akaenda jikoni, akarudi na sahani mbili za viazi na samaki. Moja akanipa. Kisha akakaa akinipa mgongo, mgongo wake ukagusa wangu.

"Tumekatazwa kutazamana tukila. Hatujakatazwa kukaa pamoja. Kula."

Machozi yalinitoka, sifichi. Miaka tisa nimeita chuki kitu ambacho kwake ni heshima, na sikuwahi kuuliza hata mara moja. Nyie mlio na wakwe wa hivi, ulizeni mapema.

Jumapili iliyopita amekuja kwetu. Chakula kilipoletwa akageuza kiti chake kikaangalia ukuta, akasema, "Baba Neema, na wewe geuza chako."

Wife alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Haya wakuu, kwenu mnakulaje na mama mkwe? Uwanja ni wenu, ila wangu msinisemee vibaya.