Mama Limau na Binti Aliyechoka

Nyie mnaojaza maoni hapa chini kila nikiandika kuhusu watoto, "chapa tu, mbona sisi tulichapwa na tuko sawa," mnanichosha. Hamko sawa. Mngekuwa sawa msingekuwa mnagombana na mimi saa nne asubuhi, mko kazini.

Chukulieni mfano wa shangazi yangu. Miaka kumi na tisa anafundisha kwenye kituo cha watoto wasioongea, na miaka yote hiyo kiunoni kaning'iniza chupa ya kupulizia yenye maji ya limau. Mtoto akijing'ata, anapuliziwa mdomoni: fyuu! Ndivyo alivyosomeshwa, cheti anacho ukutani. Wenzake wakamwita Mama Limau.

Mwaka huu mkuu wa kituo akakusanya chupa zote.

"Dada, mambo yamebadilika. Siku hizi tunatafuta kwanza kinachomsukuma mtoto. Nakupa wiki mbili na yule binti anayejing'ata mkono. Ukishindwa, nakuhamishia stoo."

"Stoo? Mimi?"

"Kule hakuna wa kumpulizia."

Shangazi akanunua daftari kwa hasira. Kila binti aking'ata, anaandika kilichotangulia, apate ushahidi kwamba hakuna sababu, ni ukorofi tu. Siku ya tatu akalisoma. Shanga. Shanga. Shanga. Kila wakitunga shanga, ikifika ya kumi, meno mkononi. Mtoto kachoka, basi! Hana mdomo wa kusema.

Akamchorea kadi yenye picha ya kiti: ukichoka, nipe hii. Siku ya kwanza binti aliitoa mara arobaini na moja.

"Ananikomoa huyu!" shangazi akanilalamikia. Lakini kila mara alimpumzisha, kisha wakarudi kwenye shanga. Wiki ya pili binti anatunga ishirini, na mkono unapona.

Wiki mbili zilipoisha, siku ya ukaguzi, mkuu wa kituo akaanza na hotuba. Dakika ya kumi na tano binti akainuka, akamkabidhi kadi.

Mkuu akaigeuza-geuza ile kadi.

"Anakwambia pumzika, bosi," shangazi akasema. "Na mambo haya mapya uliyaleta mwenyewe."

Mkuu akakaa. Darasa zima kicheko, na shangazi hajaiona stoo mpaka leo. Chupa yake aliiomba, akarudishiwa, sasa anaijaza maji ya kupigia pasi. Juzi tu aliishika, akaniuliza, "Hivi wangapi walikuwa wamechoka tu?"

Sasa wewe. Mwanao akikuudhi, kabla hujanyanyua mkono, andika kilichotangulia. Siku tatu tu. Halafu njoo uniandikie hapa chini ulichokiona. Matusi yaache nyumbani.