Pingili Hamsini za Niyibizi

Divine alipofika Makere kutoka Kibondo hakuingia hata ndani. Alipitia shambani kwanza, begi mgongoni, akasimama akitazama matuta yake ya mihogo. Mapengo yote yalikuwa yamejazwa.

"Mama!"

Pelagia alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge, uso umechanua. "Umeona? Niyibizi katuletea pingili hamsini, bure! Anasema msomi wetu hawezi kukaguliwa akiwa na shamba lenye mapengo kama mdomo wa kibogoyo."

Divine akaketi juu ya tuta. Mapengo yale aliyatengeneza mwenyewe, kwa kung'oa kila mche wenye dalili za michirizi ya kahawia, ugonjwa unaosafiri na pingili na kuozesha muhogo ardhini, huku majani yakipendeza kwa asiyejua. Kesho asubuhi mkaguzi wa mbegu angekuja. Shamba likipita, angepata cheti cha kuuza mbegu safi. Lisipopita, hakujua tena pa kwenda. Mwaka wa tatu huu ana digrii ya baiolojia. Shuleni walimwambia hakusomea ualimu. Hospitalini walitaka cheti cha maabara. Shirika moja kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu lilitaka Kifaransa na uzoefu wa miaka mitano. Na jana, kwenye usaili Kibondo, mzee mmoja wa jopo alimuuliza kwa upole kabisa: baiolojia, halafu?

"Nilikuomba lisiguswe, mama."

"Sikugusa chako hata kimoja. Nimeongeza tu."

Niyibizi, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya bonde, akatokea njiani. "Dokta karudi! Mbuzi wangu anakohoa, nimekutafuta siku mbili."

"Shikamoo, mzee. Mimi si daktari. Na pingili zako nazing'oa."

"Zina ubaya gani?"

"Muhogo uliochimba juzi, ndani ulikuwaje?"

Niyibizi akajikuna kidevu. "Madoamadoa. Tunakatia pembeni, tunakula."

Divine akainama, akaanza kung'oa mbele yake. Pale kijijini mtu hakatai mbegu ya muhogo aliyopewa na jirani. Mzee akaondoka bila kuaga.

Pingili zilikuwa bado hazijachipua, kwa hiyo zilitoka kirahisi. Alihesabu arobaini na tisa. Akarudia matuta yote, mgongo ukimwaka, hesabu ikabaki ileile arobaini na tisa.

"Mama, moja iko wapi?"

Pelagia akaenda kwenye tuta la mwisho kando ya njia, akafunua nyasi. "Niliifunika usiing'oe. Nilitaka akipita aione, ajue hatukumdharau." Akaing'oa. "Nitaipanda nyuma ya choo."

"Mama!"

"Haya, haya!" Akaivunja gotini, akaitia chini ya chungu cha maharage.

"Ni mbichi hiyo, itatoa moshi tu."

"Na wewe umezidi kujua."

Asubuhi mkaguzi alipita tuta kwa tuta, akipindua majani, akichimbua shina hapa na pale. Mwishowe akatia saini kwamba shamba limepita, akaonyesha mapengo kwa kalamu.

"Hapa palikuwa na nini?"

Divine alifungua mdomo ajibu, mama akamtangulia.

"Jirani yetu," alisema Pelagia.