Nusu ya Maneno ya Mama

Mwanangu, ipo siku moja ya utotoni ambayo naikumbuka kila nnapovaa joho la uwakili. Tulikuwa Quriyat, huko Omani, hatujakaa sana tangu kutoka Unguja. Baba ameshafariki, mama kaolewa tena, na kwa ajili hiyo shangazi yangu, dada yake baba, akenda kwa kadhi kumtaka mdogo wangu Zuwena akamlee yeye.

Kiarabu cha mama kilikuwa cha sala tu. Akamtegemea mjomba, kaka yake mkubwa, amfasirie. Kadhi akamuuliza kwa upole kama ana la kusema.

"Namwachia Mungu," mama alisema. "Lakini mtoto simtoi. Bado halali mpaka anishike sikio, na mume wangu kamridhia kama wake."

Mjomba alikuwa mtu wa haya; kuona jamaa wakibishana mbele ya watu kulimtia aibu. Akamfasiria kadhi kwamba dada yake anamwachia Mungu. Basi, akaishia hapo.

Mimi nilikuwa nishaanza skuli, Kiarabu nakijua. Nilipofungua mdomo mama akanifinya mkono, kwani mtoto hasemi juu ya mkubwa wake. Kadhi akaona mama karidhia, na Zuwena akachukuliwa mchana ule ule. Nje mjomba alimwambia mama, "Nimekustiri, mdogo wangu." Wala hakuwa mwongo, aliamini hivyo.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa uchungu ule nikasoma sheria, na Mungu, ashukuriwe, akanifungulia. Siku nilipopata ruhusa ya uwakili nilimwambia mama kwamba nakwenda kwa Zuwena, nimweleze yote, nimrudishe kwetu. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua uso.

"Akiumwa, anamwita nani?"

"Shangazi."

"Basi huyo ndiye mama yake sasa, usimtilie sumu juu yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Kesho atakujia mwengine asiyejua Kiarabu. Huyo msikilize mpaka amalize."

Mama alipofariki, Zuwena alikuja matangani. Alinipa mkono wa pole, akakaa na wageni.

Basi mwanangu, ukipewa maneno ya mtu uyafikishe, yafikishe yote, hata yakikutia haya. Usimpunguzie mtu haki yake ukadhani unamstiri. Na ukiwa mdogo, ukaona haki inapotea, omba ruhusa kwa adabu, kisha sema. Adabu haikuumbwa kuziba haki.

Mungu akupe sikio lenye subira na ulimi wa kweli, awarehemu wazazi wako, na uwapendao akukutanishe nao pasipo kuagana tena. Amin.