Viti Vinapolia

Fundi wetu wa picha haogopi mtu, anaogopa viti. Miaka ishirini na miwili amekaa katika kile kichumba cha juu akionyesha filamu. Tukiletewa zile za waongozaji watano, kila mmoja na kisa chake, yeye husikiliza ukumbi. Vidole havilingani: kisa kimoja kitakuliza, kinachofuata kitakukumbusha kwamba una kiu. Viti vikianza kulia, Fundi anajua watu wanataka kutoka, basi anabonyeza kitufe na kurukia kisa cha mbele. Waongozaji hawajawahi kujua. Mimi nakata tiketi mlangoni; nilijua, nikanyamaza.

Jumamosi ile mchana, kisa cha tatu kilikuwa cha binti yake, kazi yake ya kwanza. Binti mwenyewe alikaa safu ya mbele. Fundi alikuwa hajala tangu asubuhi. Kisa cha pili kikiendelea alishuka mara mbili kuniuliza wametoka wangapi. Nikamtania kwamba hata siku ya kuzaliwa huyo binti hakuhangaika hivi. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Wakimkimbia mwanangu," akaniambia, "uso nitauficha wapi?"

Kisa cha tatu kikaanza, nami nikachungulia kutoka mlangoni. Mwanamke mgonjwa yuko kitandani, anamnong'oneza mumewe. Yale mapazia niliyatambua. Nilikwenda kumjulia hali marehemu mke wa Fundi katika chumba hichohicho. Ukumbi ulinyamaza kimya. Halafu kiti kikalia, kikafuata kingine, mara safu nzima. Hofu ikanishika na mimi. Ghafla picha ikaruka, tukaona watu wa kisa cha nne wakikimbizana na magari.

Mazoea yana taabu. Binti alinipita mbio mlangoni, nikapanda ngazi nyuma yake. Baba yake alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama si wake.

"Nilisikia viti, mwanangu. Niliogopa. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Baba, walikuwa wanainama mbele wamsikie mama."

Nilichungulia kwenye kidirisha. Hakuna aliyetoka. Wote walikuwa wamegeuka wanatutazama.

Binti hakumlaumu. Alirudisha kisa mwanzoni, akavuta kigoda, akakaa katikati ya baba yake na kitufe. Mama yake akaanza tena kunong'ona. Viti vilipolia Fundi alishtuka, na binti akaushika ule mkono, hakuuachia hadi mwisho.